Mwalimu mgeni Mtwara: nile wapi vizuri bila kwenda hotelini?

Mwalimu_wa_Makete

Shikamooni wenye kustahili, wengine habari za jioni.

Nimehamishiwa hapa Mtwara mjini, nafundisha sekondari, nimepanga chumba Ligula. Kwetu Makete. Mtu wa Makete akikwambia amekula vizuri, ana maana ya viazi mviringo, maharage, kande, na nyama siku ya mnada. Samaki tuliyemzoea nyumbani ni yule mkavu anayeletwa na gari, mgumu, analowekwa usiku kucha.

Sasa nimekuja kwenye bahari yenyewe, na tangu nifike nakula chipsi mayai hadi muuzaji amenizoea, akiniona kwa mbali anavunja mayai. Jumamosi nikasema leo nakula samaki. Nikaingia sehemu moja, sitaitaja, nikaagiza changu wa kukaanga. Alikuja mweusi, ngozi ngumu, nikimfungua ndani nyama imekuwa uji na harufu imepanda. Nikala kwa aibu ya kurudisha sahani. Usiku huo choo na mimi tulielewana sana.

Naomba wenyeji mnielekeze: kwa mshahara wa mwalimu, nikitaka kula chakula cha huku kilichopikwa sawasawa, niende wapi? Mjini na kandokando, wikiendi naweza kufika Mikindani, Msangamkuu, hata Lindi. Hoteli zenye vitambaa vya meza msinitajie, nitazitembelea mwisho wa mwezi mmoja wa baraka. Pombe situmii. Na samaki simjui, kwa hiyo mtu akiniambia "angalia awe fresh" atakuwa hajanisaidia.

Kijana_wa_Rahaleo

Mwalimu karibu sana. Jioni tafuta supu ya pweza, wapo wengi mtaani, kibakuli kimoja na chachandu juu unarudi nyumbani mtu mpya. Ila wale wauzaji wana maneno yao ya kuwaambia wanaume kuhusu hiyo supu, wewe jifanye hujasikia 😂

Mchana kanuni ni moja tu: genge lenye bajaji nyingi nje ndilo lenye chakula kizuri. Madereva hawadanganyiki.

Mchuuzi_Feri

Mwalimu, karibu Mtwara kuchele. Huyo mdogo wangu mwache na bajaji zake. Dereva wa bajaji anataka sahani iliyojaa na inayowahi, abiria wanamsubiri. Wali ukiwa mlima, nani atauliza samaki ametoka majini lini?

Mimi nachuuza samaki. Asubuhi kwenye saa kumi na mbili niko Feri pale penye mnada, saa mbili tenga limeshafungwa nyuma ya pikipiki naanza kuzunguka Chikongola, Majengo, Magomeni, naishia Chuno. Kwa hiyo mji huu naujua kwa majiko. Namjua mama lishe anayenisimamisha asubuhi, akafunua shavu la samaki kwa kidole kabla hajaniuliza bei. Na namjua yule anayenipigia simu saa tisa alasiri: "Umebakiwa na nini hapo?" Wote wawili wanauza changu wa kukaanga. Wote wawili wana sahani za plastiki na kitambaa kile kile cha maua mezani. Bei ni moja. Huyo uliyekula kwake Jumamosi mimi simjui, ila simu zake nazijua.

Majina ya wale wazuri siyaweki hapa. Mama mmoja ana sufuria mbili na mabenchi matatu, nikimtangaza huku, wateja wake wa kila siku watakuta chakula kimeisha na lawama zitakuwa zangu. Nakupa njia ya kuwapata mwenyewe, na ukishampata mmoja umepata wote, maana wanajuana.

Jumamosi amka uje Feri asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali. Usinunue kitu. Simama pembeni ya mnada uangalie. Samaki wanamwagwa chini kwa mafungu, mnadi anapiga kelele, wachuuzi kama mimi tunasukumana. Katikati yetu utaona kina mama wenye ndoo na beseni. Wapo wanaosubiri mnada uchoke ndipo wachukue yaliyodharauliwa. Na wapo wawili watatu wanaoingia mapema, wananyanyua samaki mmoja mmoja, wanalipa bila maneno mengi na kuondoka haraka kwa sababu moto wameshauacha umewashwa. Mfuate mmoja wa hao, msalimie vizuri, muulize, "Mama, unapika wapi?" Atakuelekeza. Mchana nenda ukale.

Umesema samaki humjui, sawa. Akiwa mbichi: jicho limetuna na lina maji, siyo lililozama na kuwa na ukungu mweupe. Mashavu ukiyafunua ni mekundu, siyo kahawia. Mbonyeze ubavuni, shimo la kidole lijae lenyewe. Akiwa ameshakaangwa kazi ni ngumu zaidi lakini haijashindikana. Omba aliye mzima na kichwa chake, asiwe kipande. Ukimfungua, nyama ya samaki mzuri inatoka kwenye mfupa vipande vipande vyenye unyevu, na mfupa unabaki safi. Aliyelala inakuwa uji, kama ulivyosema. Na yule aliyekaangwa jana akarudishwa leo kwenye mafuta, mkia unavunjika kama kijiti kikavu. Binzari nyingi na weusi mwingi ni nguo za kuficha kitu.

Halafu kuna jambo ambalo nyinyi watu wa bara hamlijui, na ndilo kubwa kuliko yote: huku chakula kinafuata mwezi.

Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa ya mvuvi haina maana, vyombo vingi vya dagaa vinalala. Kwa hiyo ukiambiwa dagaa wabichi wa leo siku ambayo jana usiku ulisoma ujumbe kwenye simu kwa mwanga wa mbalamwezi, cheka tu halafu agiza maharage. Pweza naye ana siku zake. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanakupwa mbali sana, mwamba unabaki nje, na kina mama na vijana wanaingia kwa miguu na vijiti vyao kumtoa mashimoni. Siku hizo maji yanakuwa nje asubuhi kuanzia kama saa tatu mpaka saa tano, ikifika mchana pweza yuko mjini. Supu ya jioni hiyo ndiyo ya kunywa. Ikiwa ni maji mafu, katikati ya mwandamo na mwezi mpevu, pweza unayempata sana sana ni wa barafu au wa wapiga mbizi, na bei imesimama.

Na upepo. Kusi likishika, Juni, Julai mpaka Agosti, mitumbwi na ngalawa haziendi nje, samaki wanapungua na kila kitu kinapanda. Miezi hiyo mimi mwenyewe nyumbani kwangu tunakula kisamvu na kunde, wala hatulalamiki. Oktoba na Novemba bahari inatulia, hapo utakula nguru na jodari mpaka uchoke. Vibua ndio samaki wa mwalimu, nakuambia ukweli. Watu wanamdharau kwa sababu ni mdogo na ana bei ya chini, lakini kibua wa asubuhi aliyechomwa kwenye mkaa kwa chumvi na ndimu, changu wa jana hamfikii.

Ukiona kina mama wamekaa na sinia la vijiti vya kahawia vimechemshwa, hiyo ni ming'oko. Inachimbwa porini wakati wa kiangazi. Usiombe kisu. Unatia mdomoni, unabana kwa meno na kuvuta, nyama inabaki kwako na ganda unalitupa, kisha unachovya pilipili. Wanafunzi wako watakufundisha vizuri kuliko mimi.

Bi_wa_Mikindani

Mchuuzi mjukuu wangu umesema kweli, lakini umemzungusha mwalimu Mtwara nzima kana kwamba Mtwara ndiyo yenye mapishi.

Mwanangu mwalimu, marahaba. Mtwara mjini ni mji wa juzi. Waingereza waliujenga baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mradi wao wa karanga, wakachimba bandari na kutandika reli mpaka Nachingwea. Karanga zikawashinda, reli ikang'olewa, limebaki jina, ndiyo maana una kata inaitwa Railway na hakuna treni. Watu wake walitoka kila mahali na kila mmoja alikuja na chungu chake. Sisi Mikindani tulikuwapo na majahazi yetu kabla ya hayo yote. Wageni wanakuja kupiga picha mlango wa ile nyumba inayotajwa kuwa ya Livingstone, kwa sababu ya safari yake ya 1866, wanapanda Boma la Mjerumani, wanashuka, wanaondoka. Hawajala kitu!

Ukitoka Mtwara kwa daladala hufiki hata nusu saa. Lakini usije ukategemea kukuta vibao. Huku chakula kizuri kinapikwa majumbani na kinaagizwa. Njoo mara ya kwanza kunywa chai na vitumbua tu, asubuhi, ujuane na watu. Mpikaji ukishampata, mwachie pesa ya nazi siku moja kabla. Ukimkuta ghafla saa sita mchana ukamwambia unataka pweza wa nazi, mwenye adabu atakwambia hakuna, asiye na adabu atakupikia mpira.

Maana pweza hapelekwi mbio. Anapigwa kwanza, apigwe kweli, mpaka mikono yake ilegee. Kisha anaingia chunguni hivyo hivyo bila kutiwa maji, kwa moto mdogo, mfuniko umekaa vizuri. Atatoa maji yake mwenyewe, mekundu, mengi kuliko unavyodhani. Anaivia humo humo mpaka yakauke. Chumvi siyo mwanzo. Hapo ndipo linaingia tui la pili, kitunguu, nyanya kidogo, pilipili nzima isipasuke, na tui la kwanza, lile zito, mwisho kabisa, unakoroga bila kusimama lisije likakatika. Akiwekwa mezani ukaona mchuzi umejitenga, maji huku mafuta kule, mpishi alikwenda kuzungumza na jirani. Wanaokaanga pweza bila kumchemsha sina la kusema juu yao.

Na kisamvu pia. Kitwangwe kinuni. Siku hizi kuna mashine, kinatoka laini lakini kinakuwa na maji na hakina ule mshiko. Msimu wa korosho zikiwa changa muulize mpikaji kama atakutilia. Ni kazi, utomvu wa ganda unababua vidole, ndiyo maana hawauzi magengeni. Mwenye kukupikia hicho amekupenda, usimlalie bei.

Ijumaa njoo baada ya swala.

Mmachinga_Halisi_Lindi

Nimesoma mpaka mwisho naona mnagombania mwalimu wa watu kana kwamba barabara inaishia Mikindani.

Mwalimu, siku ukipanda basi kwenda Lindi au Masasi, njia zinapogawana pale Mnazi Mmoja, shuka. Kamba. Wanakaangwa pale pale barabarani, wanauzwa kwa mafungu, vijana wanakimbilia madirisha ya mabasi. Hapo ndipo watu wanapoliwa. Wa dirishani wanakuwa wamepoa na wamezunguka na jua. Wewe tembea hatua chache mpaka ulione karai lenyewe liko motoni, mwambie akukaangie mbele yako, malizia na ndimu. Kamba hao wana utamu wa maji ya mkoko, maana Lukuledi inamwagika karibu na hapo.

Lindi mjini vuka kwa boti uende Kitunda upande wa pili wa ghuba, siku ya mapumziko. Siyo kwa sababu kuna mgahawa wa ajabu, hapana. Utakula muhogo wa kuchoma na samaki wa kubanika, ukiangalia Lindi yote ng'ambo. Mimi napenda hivyo, kila mtu na lake.

Na ukienda Dar likizo, Somanga wote watashuka kununua samaki wa kukaanga. Shuka nao lakini kanuni ya karai ni ile ile.

Kijana_wa_Rahaleo

Mzee Mchuuzi, mimi mwenyeji nimezaliwa hapa na hili la mwezi na dagaa ndiyo nalisikia leo. Naona aibu kidogo. Ila bajaji zangu siziachi.

Mwalimu_wa_Makete

Asanteni sana, Bi shikamoo tena. Jumamosi nilifika Feri. Nilisimama pembeni kama nilivyoagizwa, mzee mmoja akaniuliza kama mimi ni wa Maliasili nimekuja kukagua 😂 Nikamuona mama mmoja ananyanyua samaki mmoja mmoja anawatazama usoni. Nikamfuata na kumsalimia. Anapika siyo mbali na kwangu, nilikuwa napita mbele ya mlango wake kila siku nikienda kwa muuza chipsi. Nimekula vibua wawili na ugali wa muhogo. Ugali ule una mvutano wake, mara ya kwanza nilidhani haujaiva, lakini ukiutumbukiza kwenye mchuzi wa nazi unaelewa kwa nini watu hawali wa mahindi. Mchuzi alioniongezea hakunitoza.

Nina maswali matatu ya mwisho kisha nawaacha mpumzike. Moja, Ramadhani magenge yakifungwa mchana, sisi wengine tunakula wapi? Pili, wanafunzi wangu wa kutoka Newala wanacheka kila wakisema "samaki nchanga" na hakuna anayetaka kuniambia ni nini. Tatu, mama yangu Makete ameshasikia habari hizi na anataka kuonja. Nimtumie nini kisichoharibika njiani?

Mchuuzi_Feri

Mama huyo namjua! Mwambie Mchuuzi anamsalimu na bado anamdai tenga.

Ramadhani mchana utapika kwako, au utapata sehemu chache zenye pazia mlangoni. Ingia kwa heshima, kula, toka, hakuna atakayekusema. Lakini usihesabu huo kuwa mwezi wa njaa. Jioni kabla ya magharibi mtaa mzima unageuka jiko: mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi, maharage ya nazi, uji wa pilipili manga, samaki wa kila aina. Nunua mapema, saa kumi na moja, maana adhana ikikaribia watu wanabeba na sufuria. Na majirani wakijua uko peke yako utaletewa sahani hata kama hufungi. Usirudishe sahani tupu, weka hata ndizi mbili.

Samaki nchanga ni panya wa porini, mwalimu. Siyo wa dari la nyumba, ni wa mashambani. Anabanikwa, wenyewe wa huko juu Newala na Masasi wanamsifia sana. Mimi dini yangu hainiruhusu kwa hiyo siwezi kukupa sifa zake wala ubaya wake. Ukitaka kuonja waambie hao wanafunzi wakupeleke kwao wakati wa likizo. Ila wakishajua mwalimu amekula, ujue darasani hutakuwa na siri tena.

Kwa mama mtumie ng'onda. Ni samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani. Chukua wa papa au taa kama anapenda mchuzi mzito, nguru kama hataki harufu kali. Mnuse mwenyewe: harufu ya chumvi na bahari sawa, harufu ya uchachu hapana. Mkunje, akikunjika laini bado ana maji ndani, atavunda kabla hajafika Njombe. Funga kwenye magazeti kisha boksi lenye matundu, usifunge kwenye nailoni, anatoa jasho na kuota ukungu. Masika usitume kabisa. Mwambie mama asiloweke usiku kucha kama alivyozoea na wale wa kwenu, saa moja kwenye maji ya uvuguvugu yatosha, amwage, amsuuze, ndipo aunge kwa karanga kama nazi huko haipatikani.

Ongeza na korosho. Usichukue zilizofungwa kwenye vipakiti vya kushikishwa dirishani mwa basi. Tafuta anayebangua na kukaanga mwenyewe, vunja moja mbele yake, ikatike kwa sauti. Ikiwa imenywea, mwachie. Na usilipie uzima wake, vipande ni bei nafuu na ladha ni moja, mama hatazipanga kabatini.

Nikipita Ligula nitapiga honi. Pikipiki nyekundu, tenga la bluu.